Bomba limevuja chini ya jamvi (zege la sakafu), fundi kalifunga kwa MPIRA WA TAIRI na kumwaga zege juu!

Kisima Kirefu:
Wakuu, nimemfukuza fundi bomba sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule yule wa kofia ya njano, hakuna bomba la mtaa huu ambalo hajalitia mkono. MPIRA WA TAIRI jamani! PPR (bomba la plastiki) ya milimita 25 imetoboka chini ya jamvi la bafuni, yeye kaizungushia mpira wa tairi mara mia tatu kama anafunga gunia la mkaa, halafu karai zima la zege juu. Juu ya mpira! Akapiga mwiko, akalainisha, akaniangalia usoni: "Hiyo imeisha hiyo, mpaka wajukuu."

Mpaka wajukuu!

Na kabla ya hapo alishavunja pasipohusika. Kaona vigae vya mlango wa sebule vimelowa, kashika tindo na nyundo, vigae 14 chini. Mita 4 kutoka kwenye tundu! Fundi bomba asiyejua kwamba si lazima maji yachomoze juu ya tundu ni fundi wa nini? Chini ya jamvi pana mchanga na kifusi, maji yanatambaa humo mpaka yakute upenyo: pembe ya ukuta, grauti (saruji ya katikati ya vigae) iliyopukutika, ufa. Unyevu unakuonyesha maji yametokea wapi, haukuonyeshi yameanzia wapi.

Hata mita hakuiangalia. Mita ipo getini, hatua kumi! Unafunga koki zote, unafunga na maji yanayoingia kwenye tangi, unatazama kile kigurudumu chekundu kidogo. Kikizunguka, kuna maji yanakwenda. Funga valvu ya baada ya mita: kikisimama, uvujaji uko upande wa nyumba. Kisha choo, maana choo kinachovuja kimya kimya kimevunjisha watu sakafu bure. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, kaa nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, tatizo ni raba ya ndani, huvunji kigae hata kimoja. Usiku soma mita saa 4, soma tena saa 11 alfajiri kabla mtu hajagusa koki. Zikipita lita 420 kwa saa hizo 7, hiyo ni lita moja kila dakika, yaani uniti 43 (uniti moja ni lita 1,000) kwa mwezi zinanywewa na mchanga.

Yeye kaja na mpira. Mpira wa tairi!

Spana 22:
Pole mkuu. Mpira ni wa kuvusha siku mbili, tena bomba likiwa juu ya ardhi unaliona, ukisubiri duka lifunguliwe. PPR inateleza kama sabuni. Usiku watu wakilala presha inapanda, maji yanapenya pembeni mwa mpira. Na zege halizuii maji, yatalizunguka tu. Funga valvu leo hii.

Pasua mpaka bomba lionekane nusu mita kila upande wa tundu. Usipasue kashimo ka sahani, maana bomba lililobanwa na zege halisogei, hutaweza kuliingiza kwenye soketi, kile kiungo cha mabomba mawili. Kata kipande kibovu, weka kipya na soketi 2 za 25. Mashine ya kuchomelea PPR ifike nyuzi 260, chomeka bomba na soketi kwa pamoja sekunde 7, toa, sukuma moja kwa moja bila kuzungusha, acha ipoe dakika 2 bila kuigusa. Ukizidisha moto au ukisukuma kupita alama ya kina cha soketi, plastiki inajikunja kwa ndani na kubana njia ya maji.

Binti Tindo:
Na pawe pakavu! Tone likiingia kwenye kichomeo linageuka mvuke, kiungo kinajaa vitundu. Maji yakiendelea kudondoka, sokomeza ndani ya bomba kipande cha mkate mweupe laini, bila ganda, uchome haraka. Ukifungua maji mkate unalainika na kutoka kwenye koki, ila toa kwanza kichujio cha koki.

Mzee wa Nati:
Kwani wewe ulikuwa unaangalia nini? Mtu anatoa mpira mfukoni, wewe umesimama unahesabu mara mia tatu? Wote mnajua hana mashine ya PPR, mnamwita kwa sababu ni rahisi. Kaeni na mpira wenu.

Kisima Kirefu:
Mkuu, nilikuwa getini nafunga valvu! Narudi, zege lishamwagwa, ncha ya mpira imechungulia pembeni kama ulimi, na yeye na mwiko wake "mpaka wajukuu". Nakuuliza, wajukuu wa nani?

Spana 22:
Safari hii msifukie kabla ya kupima. Pampu ya mkono, presha ya bar 10, saa nzima. Mshale wa presha ukishuka kidogo mwanzoni pandisha tena, PPR hutanuka. Ukiendelea kushuka, bado panavuja. Shimo lilale wazi usiku mmoja. Bomba lilalie mchanga uliochekechwa, si vipande vya tofali, maana jiwe lenye ncha likilibana miaka kadhaa ndilo linalotoboa. Linapopenya msingi lipite ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi. Na kama ni mara ya pili au ya tatu linatoboka, achaneni nalo humo chini, lizibeni ncha kwa plagi mpitishe jipya ukutani.

Bili Juu:
Afadhali nyie mna tundu. Huku maji ya mgao yakirudi upepo unatangulia, mita inazunguka kama feni, halafu wale mnaowajua wanakuja kusoma. Uniti za upepo! Hilo linazibwa na soketi namba ngapi?

Mzee wa Nati:
Wa upepo fungua uzi wako.

Saruji Mfuko Mmoja:
Mbona hakuna anayemgusa fundi vigae? Vigae 14 vimebanduka kirahisi kwa nini? Wanaweka madonge matano ya saruji, manne pembeni moja katikati, chini panabaki pango. Maji yanasafiri humo sebule nzima. Gonga kigae kwa sarafu, kikilia kama ngoma pana uwazi.

Bili Juu:
Madonge matano bado ni muungwana. Wengine wanaweka matatu.

Binti Tindo:
Na vya kufanana hamvipati tena. Jina la rangi moja, toleo jingine, kivuli tofauti kabisa. Namba ya toleo imeandikwa ubavuni mwa boksi, na maboksi ndiyo hao hao mafundi wanayachoma moto siku ya kwanza.

Saruji Mfuko Mmoja:
Ndiyo maana boksi moja la akiba linawekwa darini. Kisima Kirefu, vyako ni 40 kwa 40 au 60?

Kisima Kirefu:
40, kijivu. Lakini jamani, mpira wa tairi!

Bili Juu:
30 kwa 30 vyeupe vipo 6 huku, anayevitaka aje PM.