Tupeane uzoefu: vyombo vya kale vya nyumbani, Tabora na Kigoma

Mwanzisha mada, Tabora

Mwangaluka wadau. Tunaokusanya vyombo vya zamani tusimuliane vilivyotufikia. Ombi langu ni moja: usitaje bei tu, taja na habari za chombo, maana hizo ndizo zinazopotea kwanza.

Naanza mimi. Bibi mmoja jirani yetu hapa Ng'ambo alikuwa anahamia kwa mwanawe, akaniuzia cherehani ya mkono, Singer. Namba yake inaanza na EG. Herufi ndizo zinazokwambia umri: EG ni za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, karibu mwaka 1950. Nikamuuliza, "Bibi, hii uliipataje?" Akasema marehemu mumewe aliinunua kwa hela za tumbaku, akawashonea sare watoto wa mtaa mzima. Nikaandika kwenye daftari siku ileile.

Kumbe kwenye kisanduku chake cha mbao, chini ya bobini na vifungo, kulikuwa na sarafu ya rangi ya shaba. Nikaifuta kwa kidole: taji, 1916, na chini yake herufi T. Ni heller 20, hela ya enzi za Wajerumani, na T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizibiwa njia ya bahari, sarafu zikawa haba, wakaanza kuzipiga huku kwetu hadi Wabelgiji walipoutwaa mji Septemba mwaka huohuo. Nilimrudishia bibi sarafu yake. Akaishika kitambo, akasema mama yake alikuwa akizifunga kwenye pindo la kanga. "Kaa nayo, mjukuu wangu. Huko niendako wataichezea." Vitu hivyo viwili sitavitenganisha.

Mchangiaji, Ujiji

Mimi nililikuta birika la shaba tayari liko kwenye mizani ya kijana wa chuma chakavu. Moyo uliniuma. Nikamuongezea juu ya bei ya kilo, akaniachia. Nikaenda nalo kwa shangazi, akalitambua papo hapo kwa kiraka cha kwenye mdomo: lilikuwa linaazimwa kwenye kila arusi ya mtaa ule.

Kwenye kusafisha: nusu ndimu na chumvi, sugua taratibu, suuza, kausha vizuri. Ila shangazi alinikataza kung'arisha kiraka, nami nimemtii. Halafu angalieni ndani. Birika la shaba hutiwa bati ndani. Bati likiisha, usichemshie kitu cha kunywa, hasa chenye uchachu.

Mchangiaji, Tabora

Pasi ya mkaa, ile yenye jogoo kwenye kifungio. Ya mama. Bado napigia pasi umeme ukikatika.

Mchangiaji, Kigoma mjini

Mimi ni karabai. Nimezaliwa karibu na Kibirizi, na utotoni usiku wa giza ziwa lilikuwa linawaka taa za wavua dagaa kama mji mwingine. Sasa wengi wametia taa za betri na sola, karabai zimebaki kwenye mabanda zinaota kutu. Ninazo saba. Ninayoipenda zaidi ni ya mzee mmoja aliyeacha kuvua. Tangi lake limebonyea upande mmoja, akanieleza usiku wa dhoruba uliolibonyeza, na namna walivyorudi kwa makasia wakifuata taa za wenzao. Sitalinyoosha tangi lile hata fundi akiniomba.

Tahadhari kwa wanaoanza: kile kifuko cha nyuzi kinachowaka, kama ni cha zamani, huwa na thoriamu, ambayo ina mionzi. Kikivunjika usipulize vumbi lake. Kusanya kwa kitambaa chenye maji, unawe mikono. Na kioo kikiwa cha moto, tone moja la maji baridi linakipasua. Ndivyo nilivyopoteza cha yule mzee. Mwenye kioo cha karabai kubwa tafadhali, natafuta mwaka wa pili huu.

Mwanzisha mada, Tabora

Ndugu wa Kigoma, ninacho kimoja, nilikipata pamoja na karabai iliyotoboka tangi. Pima urefu na upana wa mdomo uniandikie. Kikilingana nakufungia kwenye kanga mbili, nakipandisha treni ya kuja huko. Sitaki hela. Niandikie tu ule usiku wa dhoruba kama mzee alivyousimulia, niuweke kwenye daftari.