Mti umeanguka shambani: kuni zake zinalipa au ni kujisumbua? Tupeane uzoefu

Mleta mada (Mufindi)
Wakuu, salaam. Upepo wa masika umenilazia mikaratusi kadhaa mpakani mwa shamba. Mingine iko juu ya mahindi, mmoja umeegemea mwenzake. Fundi wa chensoo (msumeno wa mashine) anataka alipwe kwa siku, petroli juu yangu. Mwingine anasema atakata bure ila kuni tugawane nusu kwa nusu. Mzee wangu naye anasema niiache ioze, sitapata kitu. Waliowahi kufika mwisho wa hesabu hii, mfukoni ilibaki nini?

Fundi chensoo (Makambako)
Mkuu, kazi hii ndiyo inayonilisha, ningekuambia kata yote. Lakini usianze na kuni, anza na gogo. Mkaratusi ulionyooka na haukupasuka wakati wa kuanguka, sehemu yake ya chini ni nguzo au mbao. Ukiukatakata wote kuwa kuni umechinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya supu. Kuni ni matawi, kilele na vipande vilivyopinda.

Huyo wa nusu kwa nusu muulize: nusu ya nini? Ya magogo yaliyolala pale pale, au ya kuni zilizopasuliwa na kufika barabarani? Kukata ni sehemu nyepesi, kupasua na kubeba ndiko kunakoua watu. Na mti uliolala unakula muda kuliko uliosimama, maana gome limejaa udongo. Mnyororo ukigusa mchanga umekwisha makali, unakaa chini na tupa. Mashine yangu inataka mililita 20 za oili ya 2T, ile ya kuchanganya na mafuta, kwa kila lita 1 ya petroli, na oili ya mnyororo kando. Ukilipa kwa siku, muda wa kunoa nao unaulipia wewe.

Sasa hatari. Mti uliong'oka na mizizi yake, ukikata shina karibu na kisiki, lile bonge la mizizi na udongo linaweza kurudi shimoni kwa kishindo. Mtu asisimame nyuma yake, na watoto wasicheze kwenye shimo. Shina lililoning'inia juu ya bonde kata kidogo kwanza upande uliobanwa, halafu malizia upande uliovutika. Ukigeuza mpangilio, msumeno unanaswa au shina linapasuka na kukurukia. Huo unaoegemea mwenzake usiuguse kabisa kama huna uzoefu.

Mama lishe (Njombe mjini)
Mimi naongea kama mnunuzi. Kaka, mkaratusi mbichi sichukui hata ukinishushia mlangoni. Karibu nusu ya uzito wake ni maji, tunalia mimi na wateja, na maharage hayaivi. Huku tunapenda miwati, makaa yake yanakaa. Lakini mkaratusi uliokauka vizuri nachukua. Upasue ungali mbichi, maana ukishakauka shoka linadunda. Panga chini ya bati, pembeni paachwe wazi upepo upite, halafu uje Juni au Julai, baridi ya Njombe unaijua.

Shule usizitegemee kama zamani. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 31, 2024. Wachoma matofali ndio wanaonunua mzigo mkubwa sasa, nao hawachagui sana.

Dereva wa kirikuu (Iringa)
Kabla hujapakia, pita kwa ofisa misitu. Kuni ni mazao ya misitu hata kama mti uliupanda mwenyewe, na gari likifika getini bila hati ya kusafirishia, faini inakula faida yote. Kama mteja yuko kijijini kwenu, bora zaidi. Kuni ni nzito na bei yake ndogo, kila kilomita inakumaliza.

Mkulima (Mafia)
Huku kwetu hesabu ni nyingine. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliniangushia minazi, na shina la mnazi si kuni ya maana: nyuzi tupu, maji mengi, linafuka tu. Moto wa mnazi uko kwenye vifuu, makumbi na makuti. Lakini kuliacha shina lioze ni balaa, mdudu chonga anazaliana humo, kisha anapanda kutoboa minazi iliyosimama. Kwa hiyo nililipa watu waliondoe bila kutarajia senti. Mwembe ukianguka, waite kwanza mafundi wa mitumbwi kabla ya mtu wa kuni.

Nyeri, Kenya, pembeni mwa msitu wa Aberdare
Kwetu mama ndiye hutafuta kuni. Analipia kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya, anaokota zile zimekauka na kuanguka, anabeba mgongoni kwa kamba. Hakuna pawa (chensoo), hakuna gari. Ukihesabu masaa yake kama kibarua, kuni hizo ni ghali kuliko gesi. Lakini hayo masaa hakuna mtu humlipa, ndiyo maana watu husema kuni ni za bure.

Lushoto
Mzee wako hajakosea sana. Kama shamba ni la mteremko, toa matawi, shina lipindue lilale kukingama na mteremko na ulikazie kwa vigingi. Linashika udongo miaka kadhaa.

Mleta mada (Mufindi)
Nashukuru wote. Magogo yaliyonyooka nimeongea na mtu wa nguzo, anakuja kupima. Matawi nimempa yule wa nusu kwa nusu, kwa sharti apasue na kufikisha barabarani ndipo tugawane. Kibanda cha kukaushia ninacho, kilikuwa cha mbuzi. Tumekwama kwenye ule unaoegemea, anataka taslimu.

Fundi chensoo (Makambako)
Mlipe, na usimame mbali. Halafu ile iliyovunjika bila kung'oka, visiki usivichimbue, mkaratusi utachipua. Machipukizi yakishakua kiasi, bakiza mawili yenye nguvu, mengine yatoe.