Usafiri ulipofungwa Machi 2020 ulikukuta wapi? Tupeane uzoefu

MitumbaOwino (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu zangu. Juzi binti wa jirani aliniuliza kama ni kweli wakati wa korona watu walitoka Kampala kwa miguu wakielekea Masaka. Nikamwambia ni kweli, niliwaona kwa macho yangu wakishuka na mabegi kichwani. Hakuamini, na hilo limenikaa moyoni. Tusipoyasimulia sisi tuliokuwepo, yatapotea.

Ya ugonjwa wenyewe yameshasemwa sana. Mimi nataka tusimulie njia. Magari yaliposimama, ulikuwa wapi, na ulifikaje ulikotaka kufika?

Naanza mimi. Nauza nguo za mitumba pale soko la Owino, Kampala. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Jumamosi tarehe 21 Machi, abiria aliyetoka Dubai akashukia Entebbe. Jumanne nikafungua robota jipya la nguo za watoto, nimelinunua kwa mkopo. Jumatano usiku tukakaa kwenye redio kumsikiliza Rais: teksi, mabasi na boda boda kubeba abiria, basi. Masoko ya vitu visivyo chakula, basi. Siku kumi na nne. Nguo zangu zikabaki sokoni na mimi nikabaki chumbani Kisenyi na elfu thelathini na mbili mfukoni. Mama yangu yuko Tororo, kilomita kama 200, anaumwa presha, na dawa zake nilikuwa namtumia mimi kwa dereva wa basi kila mwisho wa mwezi.

Wiki iliyofuata magari binafsi nayo yakazuiwa, na kuanzia saa moja jioni hakuna kutoka. Nje kukawa kimya kiasi kwamba niliwasikia majirani wa nyumba ya tatu wakikoroga posho (ugali). Yeyote uliyemsogelea alikwambia "tonsemberera", usinikaribie, hata rafiki yako.

Karibuni. Andika kwa urefu utakao.

DerevaWaMalaba

Asante kwa mada, dada. Mimi nilikuwa upande wa pili wa hadithi, kwa sababu sisi wa malori hatukusimamishwa. Mizigo ilitakiwa ifike. Nilikuwa natoka Mombasa na mafuta ya kula.

Mwanzo walituchukua vipimo mpakani, pamba puani, wakatuachia tuendelee. Sampuli zikapelekwa maabara Entebbe, na majibu yakija wewe uko mbali. Mwenzangu mmoja alitafutwa akiwa ameshapita Mbarara. Baadaye ikaamriwa tusubiri majibu hapo hapo, na foleni ikarudi nyuma upande wa Kenya kilomita na kilomita. Nimelala ndani ya kichwa cha lori usiku tisa, naoga kwa chupa ya maji.

Lakini foleni niliizoea. Kilichoniumiza ni watu. Kuanzia Aprili sisi madereva ndio tulikuwa habari ya kila jioni: leo wamepatikana madereva kadhaa. Pale ninapokula miaka yote, mama anayenipikia aliweka sahani juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kumi, akaniambia pesa niitie kwenye beseni la maji ya sabuni. Simlaumu, ana wajukuu. Ila nilikula nimempa mgongo ili asinione uso.

Nilifika kwangu Iganga nikakuta mwenyekiti wa LC (serikali ya kijiji) amenitangulia. Niliongea na mke wangu nikiwa barabarani, yeye mlangoni, nikamwachia sukari chini ya mti nikaondoka. Mtoto wangu mdogo alikuwa akiniita.

Mkunga_wa_zamu

Pole sana baba. Nami niseme, ingawa si rahisi.

Nilikuwa kituo cha afya, sitataja wilaya. Amri ilikuwa kwamba mgonjwa akitaka kupanda gari lazima apate ruhusa ya RDC (mwakilishi wa Rais wilayani) kwanza, na mama mwenye uchungu alihesabiwa humo humo. Uchungu hausubiri ruhusa. Baadaye mwezi Aprili wajawazito wakaruhusiwa kusafiri bila kibali, lakini wiki zile tatu za katikati nitazikumbuka hadi kufa.

Usiku mmoja mwanamume alimleta mkewe kwenye toroli, lile la ujenzi, limetandikwa godoro la mtoto. Alianza kulisukuma saa tano usiku. Alituambia alikuwa akipiga simu tangu jioni bila kupokelewa. Walifika saa kumi na moja alfajiri, viganja vyake vimechubuka. Mama tulimwokoa. Mtoto alikuwa ameshatangulia.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikitembea saa mbili na nusu kwenda kazini na saa mbili na nusu kurudi, kwa sababu gari la kituo lilikuwa moja na lilibeba wa upande mwingine. Nilivaa sare yangu nyeupe makusudi ili askari wanione kwa mbali.

Watu huniuliza kama kufunga nchi kulikuwa sawa. Kifo cha kwanza cha korona kilitangazwa Uganda tarehe 23 Julai 2020, miezi minne baada ya mgonjwa wa kwanza, na kwa hiyo wengi husema tuliteswa bure. Mimi nilikuwa wodini pia Juni 2021, wimbi la pili, tukigombania mitungi ya oksijeni. Najua kilichokuwa kinakuja. Kufunga nchi nakukubali. Kumfungia mama mwenye uchungu sikukubali hata siku moja.

MitumbaOwino

Nimesoma la toroli nikaweka simu chini. Mungu awape nguvu wazazi wale.

Boda_Nsambya

Sisi tulibaki na mizigo tu, abiria hakuna mpaka tarehe 27 Julai. Nilibeba matoke, mkaa, majeneza mawili. Wale wauza chakula walioambiwa walale sokoni, mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea blanketi na kurudisha pesa nyumbani kwao. Mama mmoja wa Nakasero alinituma kwa watoto wake kila siku ya pili, wiki tano nzima. Alikuwa ananipa mchicha bure.

Nilimpakia mjamzito mara moja, akiwa ameshika mkungu wa matoke mbele yake tuonekane tumebeba mzigo. Tulisimamishwa. Yeye walimwachia apite kwa miguu, mimi nilipigwa fimbo za mgongo na pikipiki ikakaa kizuizini siku kumi na moja. Alama ninazo. Alijifungua salama, mumewe alinipigia simu.

Wa_ng'ambo_Bwera

Sisi wa Bwera, mpakani na Kongo, kunawa mikono hatukufundishwa na korona. Ebola ilivuka kutoka Kongo Juni 2019, ikatukuta hapa hapa, na madumu ya maji yenye klorini yalikuwa mlangoni kwa kila duka kabla Kampala haijanunua hata moja. Kwa hiyo woga wetu ulikuwa mwingine. Tulijua mpaka ukifungwa maana yake nini.

Mto Lubiriha unatutenganisha na Kasindi ya Kongo. Ni mto wa kuvuka huku unaongea. Shangazi yangu aliyenilea alifariki ng'ambo Mei 2020, si kwa korona, kwa uzee. Mpaka umefungwa, wanajeshi wako ukingoni. Nilisimama upande huu, ndugu wakapita na jeneza upande ule, mahali tulipokubaliana kwa simu. Walilishusha chini dakika chache, likanielekea. Binamu yangu alipaza sauti, "Sema nasi!" nikaimba pambio alilolipenda marehemu, wao wakaitikia. Askari mmoja alivua kofia. Kisha wakalibeba wakaenda.

Sina zaidi.

DerevaWaMalaba

Pole ndugu yangu. Pole sana.

Mwalimu_Jinja

Kwa ufupi. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, tukaambiwa ni mwezi mmoja. Zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Shule yangu ya binafsi haikurudi. Nilifyatua matofali, na aliyenifundisha kufyatua ni mwanafunzi wangu wa P6 (darasa la sita), kwa sababu yeye alianza mapema. Alikuwa mzuri sana wa hesabu. Hakurudi darasani. Bado anafyatua, na anajenga vizuri, na kila nikipita ananiita "mwalimu" kwa heshima ile ile. Hapo ndipo pananiuma.

Boda_Nsambya

Dada mwanzisha mada, hukumaliza. Mama wa Tororo alipata dawa?

MitumbaOwino

Alipata, na aliyezifikisha ni watu wa malori, kaka. Jirani yangu alimjua dereva aliyekuwa akirudi Malaba, mpakani karibu na Tororo. Nilitembea hadi Nakawa alfajiri na bahasha ya dawa nimeiweka ndani ya mfuko wa unga wa msaada (tulipewa kilo 6 za unga na 3 za maharagwe kila mtu), nikamkabidhi dirishani bila hata kuujua uso wake, kwa maana alikuwa na barakoa. Alikataa pesa. Alifanya hivyo mara mbili. DerevaWaMalaba, kama unamjua mtu wa namna hiyo, mfikishie salamu zangu.

Teksi ziliporuhusiwa tarehe 4 Juni nilipanda ya kwanza niliyoipata, nusu abiria na nauli mara mbili. Wilaya za mpakani zilikuwa bado zimefungwa, kwa hiyo gari liliishia njiani, nikatembea kilichobaki, siku moja na nusu, nikalala kwa watu nisiowajua. Nilifika nyumbani saa tisa mchana. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Alinyanyua mkono kunizuia pale kwenye mwembe, akaingia ndani, akatoka na dumu na kipande cha sabuni, akaviweka katikati ya uwanja. Akarudi akakaa.

Nilinawa mikono, nikanawa na uso, nikanawa na miguu. Mama akawa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama alivyosikia redioni. Alipofika ishirini aliinuka akanijia.