Malungu ya Ufipa: yalindwe, au mkulima aachiwe shamba lake?

Wadau, nilikuwa Nkasi, huko Ufipa, nikakuta ilungu, tanuru la kale la chuma, limesimama katikati ya mahindi. Linakaribia mita tatu, ubavu mmoja umeshabomoka. Udongo wa ndani umeungua hadi unang'aa kama chupa, na mavi ya chuma, yale makapi ya kuyeyushia, yametapakaa kwenye matuta. Mwenye shamba anasema msimu ujao analiangusha. Nimeshindwa kumlaumu, ndiyo maana nawaletea.

Kwa wasiolijua, humo ndimo walimoyeyushia mawe ya chuma. Halikuhitaji mivukuto: urefu wake wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini. Kilichotoka kilisafishwa kwenye kitanuru kidogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipoanza kazi. Kisha kwa mhunzi, kikawa jembe, na jembe likawa mahari. Tanuru jipya lilipambwa kama bibi harusi, na mafundi hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe. Mnaocheka, chekeni.

Sasa sheria. Ile ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863. Wafipa waliendelea kuyeyusha chuma hadi karne ya 20, kwa hiyo ilungu la mwaka 1900 halimo, labda waziri alitangaze. Mwaka huo wa 1863 ubadilishwe.

Wa Chunya: Mkuu, huku Lupa Wazungu walikimbilia dhahabu miaka ya 1930, mgodi wa Saza ukafungwa 1956, na hakuna aliyelilia mashimo. Sisi tunasaga mawe kwenye karasha, tunanasa dhahabu kwa zebaki, marudio, yaani mchanga unaobaki, tunauza, watoto wanasoma. Ilungu linamlisha nani? Mwacheni mzee alime.

Mleta mada: Hiyo zebaki tutaizungumza siku nyingine. Ila hapo kwa mzee umenishika: anatunza mali ya taifa bure. Tena aliyewamaliza wayeyushaji ni jembe la dukani, si yeye. Ninachopinga ni kulilinganisha na shimo. Shimo la dhahabu linaonyesha mtu alichimba tu. Ilungu linaonyesha jinsi alivyoufikiria moto. Halmashauri ipime eneo lile, imlipe mahindi ya hapo kila mavuno. Ni pa kusimama ng'ombe wanne tu.

Wa Sumbawanga: Hujawahi kulima kwa plau wewe. Ongeza na pa kugeuzia, maana ng'ombe hawapindi kwenye ukuta. Hapo ni matuta sita, na ndiyo bei anayoitaka mzee.