Mbuzi wa uani au niende shamba kibiashara? Nipo Tabora

mstaafu_mpya: Wakuu kwema? Nina hela kidogo ya mafao nataka niingie kwenye mbuzi. Nianze na wachache uani au niende moja kwa moja shamba? Kipi kinalipa?

Mzee wa Urambo: Hela kidogo ndo ngapi? Uani pakubwa kiasi gani? Nyama au maziwa? Mnauliza kama mmeenda kwa mganga.

mstaafu_mpya: Samahani mzee. Milioni 4. Uani hatua 20 kwa 15, nipo Ipuli. Shamba ekari 6 Uyui, ila maji bado.

msukuma_toroli: Maji hamna halafu unasema kibiashara 😂 Anza uani, majike 5 dume 1, mimba yenyewe miezi 5 tu.

mama_Kasulu: Uani uwafungie lakini, la sivyo siku ya kwanza mchicha wa jirani, siku ya pili mko kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi banda nimeliinua kwenye nguzo, mbao za chini zimeachana kidogo, mavi yanadondoka nayapeleka kwenye migomba. Kwato haziozi. Ila harufu ya beberu, hiyo mtaizoea.

baba_wawili Uvinza: Acha niseme yangu. Mwaka jana nilijifanya mkubwa nikanunua 22 mnadani siku moja, jioni ileile nikawachanganya na 6 wa mama watoto maana kijana wa kuchunga alikuwa anawahi kwao. Kama wiki mbili hivi mmoja akaanza kukohoa nikasema vumbi hili. Kesho yake watatu, mbuzi kasimama miguu ya mbele kaitanua, shingo kainyoosha, kamasi puani, anahema kama kapandisha mlima. Nikakimbilia duka la dawa jamaa akaniuzia dawa ya minyoo. Ya minyoo! Bwana mifugo anafika nimeshafukia 11, akasema homa ya mapafu. Wale 6 wa mama watoto wakabaki 2, mpaka leo nikiagiza supu ananiangalia tu.

msukuma_toroli: Hiyo sotoka mkuu.

baba_wawili Uvinza: Sotoka wanaharisha na vidonda mdomoni. Hawa wangu choo gololi safi kabisa, usinifundishe mbuzi niliowazika mwenyewe.

Mzee wa Urambo: Zote mbili zina chanjo, msigombane. Mgeni unamtenga mwezi mzima kwanza, awe wa uani awe wa shamba.

kijana_wa_Nzega: Mnapoteza muda na vienyeji. Chukua dume la Boer, wale mbuzi wa nyama wa Afrika Kusini, upandishe, watoto wanatoka na miili.

mama_Kasulu: Boer na minyoo ya masika? Kienyeji anakula majani ya mwembe na maganda ya mihogo na anazaa, wako utamtafutia pumba mpaka ujute.

kijana_wa_Nzega: Mama hujawahi kumfuga wewe.

mama_Kasulu: Nimemfuga na nimemla.

mstaafu_mpya: Kwa hiyo wakuu, uani au shamba?

msukuma_toroli: Mama Kasulu, hizo mbao za banda ulitumia za mti gani? Zangu zimeliwa na mchwa zote.