Walimu wenzangu naombeni ushauri, ngazi za Bloom kwenye andalio la somo

Habari za saa hizi wakuu. Mimi nafundisha sayansi darasa la tano huku Mbagala, darasa moja watoto zaidi ya mia, madawati ya kubanana. Mwalimu wa taaluma anataka kila andalio la somo lionyeshe ngazi zote sita za kufikiri za Bloom (yule mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani), zile za 1956 zilizofanyiwa marekebisho 2001, yaani kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Sasa kipindi chenyewe dakika 40, hapo toa za kunyamazisha kelele, jamani hizo ngazi sita nazipandaje?

Juzi somo lilikuwa kusafisha maji, nikiuliza taja njia, darasa zima linaimba kuchemsha, kuchuja, kutia dawa, safi kabisa. Nikawauliza haya, maji ya kisima hapa mtaani yana chumvi, tukiyachemsha chumvi itatoka? Kimya! Mmoja akasema tuongeze sukari mwalimu (nilicheka sana ila angalau huyo alifikiri). Nikawaambia wachemshe nyumbani wakiwa na mtu mzima, yakipoa waonje, na kesho yake ubishi wake ulikuwa mtamu kuliko somo lenyewe, ukala kipindi chote.

Mi naona bora ngazi mbili tatu kwa kipindi, zingine zisogee kwenye azimio la kazi (ule mpango wa mada za muhula) wiki inayofuata. Nyie mnafanyaje? Na maswali ya kuchambua kwa watoto mia mnasahihishaje bila kukesha?