Mrejesho: Niliuliza kama nigombee urais wa serikali ya wanafunzi

Ndugu zangu, mwaka jana niliwaomba ushauri: nimekuwa mwakilishi wa darasa muhula mmoja tu, je, nigombee urais? Wengi mlisema nianzie bungeni. Nashukuru niliwasikiliza.

Nilichaguliwa mbunge wa kitivo, nikapangiwa kamati ya fedha. Huko ndiko nilikojifunza kazi yenyewe. Usiku mmoja tulikuwa tunapitia stakabadhi za tamasha la michezo, nikakuta moja ina mhuri na sahihi, lakini sehemu ya kiasi iko wazi kabisa. Nilikataa kuipitisha. Wenzangu wawili niliokuwa nakula nao kila siku waliacha kunisalimia, na iliniuma sana. Hata leo ningekataa.

Masomo yaliyumba, somo moja nimelirudia, namshukuru Mungu nimefaulu. Anayefikiria njia hii aisome katiba ya wanafunzi kabla ya kuchukua fomu, hasa kifungu cha ufaulu, maana vyuo vingi humwengua mgombea mwenye alama pungufu.

Urais bado. Juzi nimechukua fomu ya ukatibu mkuu. Wadhamini nimeshapata, zimebaki picha tu.